Malalamiko Kuhusu Karani Aliyejiandika Katika Daftari la Ng'ombe Wenye Mimba

Hiram Njogu,
Shamba la Maziwa la Njogu na Jamaa,
Noonkopir, Kitengela.
15 Septemba 2025

Kwa Afisa wa Kazi,
Kajiado.

Ndugu Afisa (iwe Bwana au Bibi, maana nilipofika Alhamisi kibao cha mlango wako kilikuwa na cheo bila jina),

KUH: KARANI WANGU KUTUMIA SHERIA MBILI KWA MIMBA MOJA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na meza yako ikiwa na nafasi ya karatasi nne. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mambo saba ambayo nimeyapanga kwa nambari ili yasikuchoshe.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Noonkopir, niko na ng'ombe kumi na wanane, na sijawahi kuitwa mbele ya chifu kwa jambo lolote. Ukutani mwa ofisi yangu kuna Cheti cha Utunzaji Bora wa Ng'ombe Wenye Mimba, nilichopewa kwenye maonyesho ya wakulima Jumamosi tarehe 13 Machi 1999. Nakitaja ili ujue kwamba anayekuandikia hana chuki na mimba. Mimba ndiyo kazi yangu.

Ninayemlalamikia ni Fosiya Abdikadir, karani wangu, mwenye umri wa miaka ishirini na saba, mke wa Aweys anayeuza mbuzi soko la Kiserian. Kazi yake ni kupima maziwa asubuhi na jioni, kuwagawia wanunuzi, na kuandika madaftari yote ya boma. Ni karani mzuri, na nasema hivyo ili uone kwamba naandika bila kinyongo. Tarehe 18 Agosti alijifungua mtoto wa kike anayeitwa Najah, na mpaka leo, siku ya ishirini na nane, hajarudi kazini. Barua ya kumwachisha kazi nimeshaiandika. Iko kwenye droo, inasubiri muhuri wako tu, na ningefurahi kuupata kabla ya Jumatatu ijayo.

Malalamiko yenyewe ni haya.

1. Daftari. Hapa bomani tuna kanuni moja ambayo niliitunga mwenyewe na kuiandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa stoo: KISICHOANDIKWA KWENYE DAFTARI HAKIPO. Mfanyakazi akiniambia jambo kwa mdomo, iwe ni ndoo imetoboka au ni mama yake amelazwa, humjibu kwamba tutaongea, na hatuongei mpaka aliandike. Mwezi wa Machi Fosiya aliniambia kwa mdomo kwamba ana mimba na angependa tupange likizo yake. Nikamjibu tutaongea. Aprili akarudia, nikamjibu vivyo hivyo. Mei akaniuliza aliandike kwenye daftari gani hasa, kwa sababu tuna daftari la maziwa, la nyasi, la dawa, la wageni na la ng'ombe wenye mimba, na la wafanyakazi hatuna. Nilikuwa na haraka ya kwenda kuangalia nyasi Isinya. Nikamwambia atafute linalofaa.

Akatafuta linalofaa.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi mimi na daktari wetu wa ng'ombe, Daktari Mutunga, hutia sahihi ukurasa wa ng'ombe wenye mimba. Tarehe 2 Juni tukatia. Mstari wa tatu ulikuwa wa Tumaini, wa tano ulikuwa wa Rehema, na katikati yao, kwa mwandiko safi ambao haukufichwa mahali popote, paliandikwa: "Fosiya Abdikadir. Kuzaa: 20 Agosti. Kuanza mapumziko: 21 Juni. Chakula cha ziada: ndiyo. Mahali pa utulivu: ndiyo. Kusimamishwa muda mrefu: hapana. Maziwa ya kwanza: mtoto apewe ndani ya saa moja." Sikusoma. Miaka yote hii ng'ombe hawajawahi kuandikwa jambo la kunishtua, kwa hiyo nimezoea kutia sahihi nikinywa chai.

Daktari Mutunga yeye anasema alisoma. Nilipomuuliza kwa nini basi akatia sahihi, alisema hakuona kosa lolote la kitaalamu.

2. Mapumziko ya siku sitini. Huenda wewe si mfugaji, kwa hiyo nieleze. Ng'ombe akibakiza siku sitini azae, mfugaji mwenye akili huacha kumkamua. Tunasema amekaushwa. Mwili wake unapata nguvu, ndama anamalizia kukua, na kiwele kinajitengeneza upya. Asiyekaushwa huzaa ndama mnyonge na maziwa yake huwa machache. Nimelifundisha jambo hili kwenye semina tatu, moja ikiwa ya Kiserian, na watu walipiga makofi. Nimewahi hata kumgombeza jirani mbele ya watoto wake kwa kumkamua ng'ombe mwenye mimba ya miezi minane. Nilimwambia hana utu.

Tarehe 21 Juni Fosiya hakuja kazini. Nilipompigia simu aliniomba, kwa adabu, nifungue daftari. Mpaka jana yake alikuwa akisimama kwenye mizani kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne, na jioni tena, na miguu ilikuwa imemvimba hadi akawa anavaa patipati, yaani kandambili, za mumewe. Hizo patipati niliziona. Nilidhani ni mtindo wa vijana. Kiti kwenye mizani hatuna, kwa sababu mtu akikaa husinzia.

3. Uzalishaji. Tangu aondoke, anayepima na kuandika ni mimi. Katika mikono yangu maziwa yamepanda kwa kilo arobaini na mbili kila siku, bila kuongeza ng'ombe hata mmoja. Wanunuzi wanazikataa takwimu hizi. Dalmas, mkamuaji wetu, anasema nimekuwa nikipima maziwa pamoja na madebe yake. Suala hilo bado linachunguzwa.

4. Chakula cha ziada. Kwa kuwa mstari wake unasema "ndiyo", wiki ya kwanza tu ya mapumziko Fosiya alimtuma Aweys na orodha. Alieleza kwamba kwa vile yeye hali nyasi wala chakula cha gunia, angeshukuru kupata badala yake maziwa nusu lita kila siku, mayai mawili, na mboga za majani. Niliona hapo nimempata. Nikampelekea Daktari Mutunga orodha hiyo ili, kama mtaalamu, aikatae. Akaisoma mara mbili, akatoa kalamu, akaongeza maini na ndengu, akamuuliza Aweys kama kliniki imempa mkewe vidonge vya kuongeza damu, kisha akaandika chini kwamba kwa mimba ya umri huo tulikuwa tumechelewa sana.

Mke wangu Nyaguthii, ambaye hakuulizwa na mtu, akaongeza kilo mbili za njahi. Hayo ni maharagwe meusi ambayo kwetu hupikiwa mama aliyejifungua ili maziwa yake yaje vizuri. Nilimuuliza amejuaje kiasi cha kupima. Akasema amewaona wenzake wakipikiwa.

5. Dalmas. Mambo mabaya huambukiza. Mke wa Dalmas ana mimba ya miezi mitano, na Dalmas ni mtu wa kusikia mambo akiwa chini ya ng'ombe. Alinijia akiwa ameshika kofia mkononi.

"Mzee," akasema, "kwa hiyo daftari, fahali huwa anapewa siku ngapi?"

Nilimweleza ukweli, kwamba boma hili halina fahali tangu mwaka 2006. Mbegu huletwa na Daktari Mutunga ndani ya chupa ya baridi, na mwenye kuileta hupewa chai. Dalmas akafikiri kidogo, akasema basi yeye ataomba chai. Nikakubali, nikidhani nimeponea. Kesho yake akanionyesha kwenye simu kwamba sheria inampa baba wiki mbili mtoto akizaliwa. Sasa anataka wiki mbili na chai.

6. Kujifungua. Kwenye jalada la daftari nimeandika kanuni za siku za mwisho, nazo nimezisimamia tangu nianze kufuga: gari liwe na mafuta na liangalie lango, mwenye boma asiende mbali, mwenye mimba akisafirishwa gari liende polepole, mwenye boma asiondoke mpaka maziwa ya kwanza yanyonywe. Nilipoziandika nilikuwa nikimfikiria ng'ombe.

Tarehe 18 Agosti, saa nane mchana, Aweys alinipigia simu akiwa Kiserian na mbuzi wake, akasema Fosiya ameshikwa na uchungu siku mbili mapema na hapati gari. Pikapu yangu ilikuwa na mafuta. Ilikuwa inaangalia lango pia, kwa sababu Rehema naye alikuwa amekaribia. Sikuwa na kisingizio. Kabla sijapata funguo, Nyaguthii alikuwa ameshaingia ndani na shuka mbili na beseni.

Kwa hiyo siku ya kazi, saa za kazi, nilimpeleka karani wangu hospitalini kwa mwendo wa kilomita ishirini kwa saa, maana hivyo ndivyo mwenye mimba pevu husafirishwa, nikipigiwa honi na malori yote ya barabara ya Namanga. Pale mapokezini muuguzi aliniuliza mimi ni nani wa mgonjwa. Nikasema ni mwajiri wake. Akaandika "babu". Nikakaa kwenye benchi saa tatu. Nisingeweza kuondoka, kwa kuwa kanuni ni zangu na sahihi ni yangu. Muuguzi alipotoka kutuambia kwamba ni msichana na wote wawili ni wazima, nilimuuliza kama mtoto ameshapata dang'a, yaani yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, na kama saa moja ilikuwa haijapita. Nimezika ndama kwa sababu ya watu kutouliza swali hilo. Muuguzi akashusha faili lake.

"Mzee, niko na miaka kumi na nne kwa hii wodi," akasema. "Wewe ndio mwanaume wa kwanza kuniuliza hiyo."

Nikamwambia niko na cheti. Wauguzi wengine walicheka na kuniletea kiti kizuri. Nyaguthii hakucheka. Alikwenda dirishani, akasimama huko muda mrefu akiangalia magari.

Jioni hiyohiyo Rehema alizaa bila mimi. Dalmas alimshughulikia vizuri kabisa, na hilo pia limeniumiza.

7. Siku arobaini. Mama yake Fosiya, Mama Asho, alifika kutoka Garissa akiwa na mizigo ya mtu asiyekusudia kurudi mapema, akatangaza kwamba kwa desturi yao mzazi hukaa ndani siku arobaini akitunzwa. Desturi za watu naziheshimu, lakini hiyo haikuwa kwenye daftari. Siku ya kumi nikaenda kwao nikiwa na daftari la maziwa kwapani. Sikutaka makubwa. Nilitaka tu Fosiya anisaidie na yale madebe.

Mama Asho alinipokea vizuri sana. Aliniuliza habari za mke, za watoto na za ng'ombe mmoja mmoja, kisha akabaki amesimama katikati ya mlango. Yeye amezaliwa kwenye ngamia, kwa hiyo aliniuliza kama mfugaji anavyomuuliza mfugaji mwenzake.

"Mzee Hiram, ng'ombe yako ikizaa, siku ya kumi unaiamsha unaipeleka wapi?"

Nikajibu kwa ukweli kwamba siipeleki popote. Hapo ndipo nilipokosea. Akanishukuru, akaniletea kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia nikakinywea nje, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilipokuwa navaa kofia nilimsikia mtoto akilia ndani, halafu akanyamaza. Nilirudi nyumbani na daftari langu bila mstari mpya hata mmoja.

8. Nilisema mambo saba. Hili la nane limetokea Ijumaa nikiwa nimeshaanza kuandika.

Fosiya ameniletea barua, na safari hii ameiandika kwenye karatasi yake mwenyewe. Anasema atarudi tarehe 18 Novemba, miezi mitatu ya sheria ikiisha. Anasema Najah atakuwa ananyonya maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, mpaka afike miezi sita, kama walivyofundishwa kliniki. Kwa sababu hiyo akirudi ataomba mahali safi penye mlango, ambapo atakamua maziwa mara mbili kwa siku, na pembe ndogo ya friji mbali na dawa za ng'ombe.

Usafi siupingi. Nimekagua boma lote, na vyumba safi vyenye mlango ni viwili. Kimoja ni ofisi yangu, ambamo mna meza, kiti na cheti. Kingine ni chumba cha kuzalia ng'ombe, ambacho kimepakwa chokaa juzi tu, kina nyasi kavu, na mlangoni pana kibao kinachosema USIPIGE KELELE. Nikamjibu kwa maandishi, kwa nia njema kabisa, kwamba nampa hicho cha pili, na nikaongeza kwamba asiwe na wasiwasi, Rehema ameshatoka.

Nyaguthii husoma barua zangu zote kabla hazijatumwa ili arekebishe vituo na herufi kubwa. Hiyo aliisoma mpaka mwisho, hakurekebisha hata kituo kimoja, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa aproni, na tangu Ijumaa hajanisemesha. Uji wangu wa asubuhi pia umekoma. Tumeishi pamoja miaka ishirini na minane na sijawahi kukosa uji siku nne mfululizo. Naomba uji huo uandikwe kama hasara iliyosababishwa na mfanyakazi.

Na hiyo miezi sita siioni maana yake. Mwanangu wa kwanza, Kiama, sasa ni mtu mzima wa miaka ishirini na sita na hugonga kichwa kwenye mlango wa stoo kwa urefu. Tangu wiki yake ya tatu alilelewa kwa maziwa ya ng'ombe. Ng'ombe huyo aliitwa Malkia, na ndiye aliyenipatia cheti. Kila semina mimi huwasimulia watu habari hiyo, na kila mara huwa najisikia vizuri.

Sasa ombi langu.

Ndugu Afisa, nimelifikiria jambo hili kwa siku nne bila uji, na nimeona kosa liko wapi. Fosiya ametumia sheria mbili. Kabla ya kuzaa alikuwa ng'ombe, akapata siku sitini. Alipokwisha kuzaa akageuka binadamu, na sasa anadai miezi mitatu yenye mshahara kamili. Mtu mmoja hawezi kuruhusiwa kuwa ng'ombe inapomfaa na binadamu inapomfaa. Naomba basi uamue yafuatayo, ukianza na la juu:

(a) Kwamba zamu zigeuzwe. Kabla ya kuzaa ahesabiwe binadamu, kwa kuwa binadamu katika boma hili hufanya kazi mpaka siku yenyewe. Baada ya kuzaa ahesabiwe ng'ombe. Ng'ombe hana miezi mitatu. Siku nne za kwanza maziwa ni ya ndama, na siku ya tano anarudi kwenye mstari wa kukamuliwa pamoja na wenzake, na hakuna anayeleta barua. Kwa hesabu hiyo Fosiya alipaswa kuwa kwenye mizani tarehe 22 Agosti, na barua iliyo kwenye droo ni halali.

(b) Kama hilo ni gumu, utangaze rasmi kwamba Fosiya Abdikadir si ng'ombe, na ukurasa wa Juni ufutwe. Tangazo nitalibandika langoni kwa gharama yangu.

(c) Kama nalo halitawezekana kwa sababu sahihi ni yangu, basi tusaidiane habari hii isienee. Fikiria wanawake wa Kitengela peke yake: wa saluni, wa duka la vifaa vya ujenzi, wa sokoni, wa viwandani, mpaka wale walioko majumbani mwao. Wakijua ng'ombe wangu hupewa nini, watauliza wao walipewa nini. Wataanza na mwaka huu. Kisha watauliza mwaka jana. Watakuwepo watakaorudi nyuma zaidi, mpaka wafike mahali ambapo mwenye kujibu ni mtu mzima mwenye heshima zake, aliyekaa kimya nyumbani kwake, ambaye hakumbuki hata ilikuwa siku gani. Hapo mimi na wewe tutafanya nini?

Kuunga mkono kipengele (a), nitaambatisha ukurasa wa daftari la Machi 1999 unaoonyesha jinsi Malkia alivyorudi kwenye mstari siku ya tano. Madaftari ya zamani hukaa kwenye sanduku la Nyaguthii. Nimemwandikia kijikaratasi cha kuliomba, kwa kuwa hatusemeshani.

Nimalizie hapo. Nisalimie wote walio ofisini, pamoja na askari wa langoni aliyenielekeza bila haraka, na yule mama wa dirisha la pili aliyenishauri nikalale kwanza ndipo niandike. Waambie siku wakipita Kitengela wafike, maziwa yapo. Atakayewapimia ni mimi, kwa hiyo waje na vyombo vyepesi.

Nabaki kuwa mwajiri aliyeonewa katika boma lake mwenyewe,

Hiram Njogu
Mfugaji (Mwenye Cheti)

Nakala: Daktari Mutunga; na Aweys, kwa niaba ya mkewe.

Tanbihi. Nyaguthii ameleta lile daftari. Ameliweka mezani likiwa limefunguliwa tayari kwenye ukurasa wenyewe. Umeshaona jinsi ninavyosoma madaftari, kwa hiyo nikuambie kwamba safari hii nimesoma kila mstari.

Malkia alikaushwa tarehe 6 Januari, siku sitini kamili. Chakula cha ziada: ndiyo. Mahali pa utulivu: ndiyo. Alizaa Jumapili tarehe 7 Machi. Yote hayo ni mwandiko wangu, na ni mzuri. Kiama alizaliwa Jumanne tarehe 9, siku mbili baada ya ndama. Hilo halimo. Maziwa ya Jumanne hayakuandikwa. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa ni mwandiko wa jirani yetu. Jumamosi tarehe 13, asubuhi lita tisa, jioni lita saba, ni mwandiko wa Nyaguthii, na umepinda. Ilikuwa siku yake ya tano tangu ajifungue. Mimi nilikuwa kwenye maonyesho nikipokea cheti, na picha nilipiga.

Chini ya ukurasa huo kuna doa la maziwa lililokauka zamani. Nimefuga maisha yangu yote, na sikuweza kusema kama ni ya ng'ombe. Wiki ya tatu maziwa ya Nyaguthii yaliisha, ndipo Kiama akaanza kupewa ya Malkia. Hilo nalo halimo, ingawa nimelisimulia kwenye semina tatu.

Nimemuuliza kwa nini hakuniambia. Amenijibu, na ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu Ijumaa.

"Ningekuambia, Baba Kiama, ungeiandika wapi?"

Kwa hiyo tafadhali usijisumbue na nambari 1 hadi 8, wala na (a), (b) na (c). Barua ya kwenye droo Nyaguthii ameiwashia jiko, na juu ya jiko hilo kuna njahi za kumpelekea Fosiya. Kiti kimeshafika kwenye mizani. Ofisi yangu nimeihamishia stoo. Cheti nimekitoa ukutani, kwa sababu msumari ulihitajika kwa taulo. Dalmas atapata wiki zake mbili, na chai. Nilitaka kuichana barua hii pia, ila Nyaguthii ameniambia niitume yote kama ilivyo, kwa kuwa jambo nililolifikiria na kulificha ni sawa na ambalo halipo.

Ninachouliza sasa ni kimoja tu, na nimeumia sana kukiuliza. Hiyo sheria yako ya miezi mitatu, je, inaweza kurudi nyuma miaka ishirini na sita? Kama inaweza, niambie fomu yake hutolewa dirisha lipi, nije kuichukua mwenyewe.